Bunduki Si Mtamba

Baba yangu huwaambia wageni kwamba mimi serikali isingenipa leseni hata ya manati. Huyasema hayo mbele yangu, akicheka, nami sikatai kwa sababu ni kweli. Nina hasira za karibu. Nashona viti vya magari na pikipiki pale Igoma, na wateja wangu wa zamani wanajua kwamba ukija kuniuliza mara tatu kwa siku moja kama kiti kimekwisha, kitakwisha wiki ijayo. Lakini yeye, ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini alikaa na bunduki chini ya paa lake, hakuwahi kuitaja akiwa amekasirika. Hata siku moja.

Kijiji chetu kiko kando ya ziwa. Ukishaiacha Igoma nyuma kwa barabara ya Musoma, unaingia kushoto na kushuka. Mashamba ya mpunga na viazi yanateremka mpaka kwenye matete, na matete ndiyo mlango wa viboko. Kiboko akishiba viazi vyako, wewe utakula maneno msimu mzima. Baba alipewa leseni akiwa bado kijana, kijiji kikiwa kimemkubali, akanunua bunduki ya mitutu miwili, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupiga hewani ili viboko warudi majini. Hakuua hata mmoja. Wanyama wale ni wa serikali, alisema, yeye amepewa kibali cha kelele.

Nyumbani bunduki ilikuwa na sheria nyingi kuliko sisi watoto. Ilikaa kwenye kasha la chuma chumbani kwake, na risasi zilikaa kwenye sanduku jingine, chumba kingine. Funguo zote mbili zilifungwa kiunoni mwake kwa uzi wa katani. Kisha ilikuwepo sheria moja ambayo sijaisikia popote, aliitunga mwenyewe: siku aliyogombana na mtu, hata kama ni ugomvi wa mbuzi kula majani ya maharage, alivua zile funguo akampa mama, na hakuzipokea mpaka kesho yake. Mama alizipokea, akazitia kwenye kona ya khanga, akafunga fundo. Sisi watoto tulijua hali ya hewa ya nyumba kwa kuangalia khanga ya mama.

Kila mwaka ulipofika wakati wa kulipia leseni, baba alivaa suti yake ya kahawia, ile ya kanisani, akaenda mjini na karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni. Nilipokuwa najifunza ufundi, kitu cha kwanza nilichoshona bila mwalimu wangu kukifumua kilikuwa mkanda wa bunduki ile. Niliukata kwenye mabaki ya ngozi ya viti vya basi, mweusi, nikaupiga ukingo wa uzi mwekundu. Baba aliuvuta kwa mikono miwili, akauvuta tena, akasema, "Huu utanizika." Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilitembea siku nzima kama niliyepewa gari.

Jambo jingine lazima nilieleze kabla sijaendelea. Kwetu ng'ombe akiuzwa, kamba haiendi naye. Mwenye zizi anaifungua shingoni na kubaki nayo, na mnunuzi anakuja na ya kwake. Wazee wanasema kamba ikiondoka, baraka ya zizi huifuata. Kwa hiyo kwenye ukuta wa sebule ya baba kuna misumari, na kwenye misumari zinaning'inia kamba za ng'ombe wote waliotusomesha. Baba anaweza kukuambia ipi ni ya nani. Hii ya fahali mwekundu. Hii ya yule mwenye pembe moja, aliyelipa ada yako, na usijifanye umesahau.

Miaka michache iliyopita macho yake yalianza kumwacha. Daktari alisema ni presha ya macho, akasema dawa italinda kilichobaki lakini kilichokwisha kwenda hakirudi. Baba aliitikia kwa adabu na kuendelea na maisha yake kana kwamba ameambiwa habari za mtu mwingine. Mpaka alfajiri moja alipoona kitu cheusi kimeinama katikati ya viazi. Aliinua bunduki, lakini kabla ya kufyatua alifanya alivyofanya siku zote: aliita. "Nani hapo?"

Kitu kile kikajibu, "Shikamoo, babu."

Alikuwa binti wa jirani anachuma matembele, amejitanda khanga nyeusi kwa baridi. Baba aliitikia marahaba. Kisha akaketi pale pale kwenye tuta, umande ukimlowesha suruali, mpaka jua lilipotoka. Siku hiyo alinipigia simu. "Mayu," alisema, maana kwa Kisukuma baba humwita hivyo binti yake, kama anavyomwita mama mtu mzima. "Mayu, mtutu haukuwa umeangalia juu." Kisha akaongeza, "Bunduki na mimi basi. Nataka kuiuza."

Nilimwambia vizuri, tutaangalia namna, nikarudi kwenye viti vyangu. Hapo nilikosea, kwa sababu mzee akishaamua hasubiri fundi wa viti apate nafasi.

Jumamosi ya pili yake nilikwenda nyumbani, nikakuta mtamba mgeni zizini. Mzuri kweli, kijivu, mgongo umenyooka, anatafuna kama amezaliwa pale. Mama alikuwa anapepeta mchele.

"Huyu wa nani?"

"Waulize wanaume," alisema mama, bila kuinua kichwa.

Baba alikuwa sebuleni chini ya kamba zake. "Ni wa bunduki," akasema, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyemaliza kazi ngumu.

Mnunuzi alikuwa mkwe wake, baba wa mke wa mdogo wangu. Ni mfugaji, anakaa mbele ya Buhongwa, unaiacha njia ya Shinyanga na kuingia porini kidogo, na mwaka ule fisi walikuwa wamemmalizia ndama. Alisikia kwa binti yake kwamba baba haitaki tena bunduki, akaja na mtamba kwenye gari. Walikubaliana kama watu wazima. Walipeana mikono mbele ya mashahidi wawili, mdogo wangu na jirani. Mkwe akafungua kamba yake shingoni mwa mtamba akaondoka nayo. Jumanne angerudi kuchukua bunduki, na mtendaji wa kijiji angewaandikia karatasi, kama anavyoandika za ng'ombe. Hakuna aliyekuwa anaficha kitu. Walikuwa wameuza bunduki kwa heshima zote za kuuza ng'ombe.

Nililipuka. Siwezi kusema vinginevyo. Nilimwambia baba kwamba amezeeka vibaya, kwamba atamalizia siku zake gerezani pamoja na mkwe wake na mtamba wao, na mengine ambayo siyaandiki hapa. Mdogo wangu alitoka nje. Mkewe, wifi yangu, alibaki mlangoni ameshika sahani, baba mzazi, ingawa hakuwepo, upande mmoja na baba mkwe upande mwingine, na mimi katikati napiga kelele.

Baba alipeleka mkono kiunoni, akafungua uzi wa katani, akampa mama funguo.

Katika umri wangu wote nilikuwa nimeona funguo zile zikitoka kwa sababu ya majirani, kwa sababu ya wachungaji wa ng'ombe, mara moja kwa sababu ya katekista. Hazikuwahi kutoka kwa sababu yangu. Mama alifunga fundo la khanga, akaniangalia, akasema taratibu, "Hasira hasara, binti yangu. Sasa kaa chini useme unachokijua."

Nilichokijua nilikuwa nimekipata kwa aibu, na sikuwahi kuwasimulia. Mwaka uliotangulia niliuza pikipiki yangu kwa kijana wa mtaani. Tulipeana mikono, tukanunuliana soda, kadi ikabaki na jina langu kwa sababu kubadilisha ni usumbufu. Mwezi haukuisha, kijana akamgonga mtu akakimbia. Askari walikuja moja kwa moja karakana kwangu, mbele ya wateja, na nilikaa kituoni mpaka jioni nikieleza kwamba pikipiki si yangu, huku karatasi inasema ni yangu. Mtu aliyegongwa alipona, ndiyo salama yangu. Niliwasimulia yote, mpaka benchi la kituo.

"Kwa hiyo mimi naijua habari ya jina kubaki," nikamwambia baba. "Mkwe akipiga risasi kule kwake, hata kama ni fisi, jina litakaloitwa ni lako. Na sijui sheria inasemaje. Sijui. Lakini na wewe hujui, baba. Unajua sheria ya kukaa nayo. Ya kuiuza hujawahi kuuliza, kwa sababu hujawahi kuuza."

Aligeuza macho ukutani ambako sidhani kama bado aliona kitu. "Nimempa mtu mkono," akasema. "Ahadi ni deni, mayu. Na huyu ni mkwe. Nikiurudisha, binti yake ataishije humu ndani?"

Hilo ndilo lililokuwa linamwuma, na halikuwa dogo. Baba hakuwa na mali ya kutisha wala cheo kanisani. Alikuwa na mambo mawili: leseni isiyo na doa, na neno lisilorudi nyuma. Sasa nilikuwa namwambia achague moja.

Asubuhi yake, tukitoka kanisani, alisema kama vile tulikuwa bado katikati ya mazungumzo, "Kuuliza si ujinga. Kesho twende."

Jumatatu alivaa suti ya kahawia. Tulikwenda na leseni, bunduki tukaiacha kwenye kasha lake, kwa sababu alisema mtu haendi kuuliza akiwa ameibeba. Kituoni tulipelekwa kwa askari wa kike anayeshughulikia silaha, mdogo kuliko mimi, ambaye alisimama kumwamkia. "Shikamoo, mzee. Karibu ukae." Baba alimweleza kila kitu bila kupunguza: mtamba, mkono, mashahidi, karatasi ya mtendaji. Mimi nilikuwa nataka kumkanyaga mguu. Alieleza mpaka mwisho.

Yule binti hakucheka wala hakukasirika. Alisema, "Umefanya vizuri kuja kabla na si baada. Mzee, hii leseni ni ya kwako wewe peke yako. Huwezi kumwuzia mtu mkononi, huwezi kumkopesha, na hata ukifariki watoto hawairithi kama shamba, lazima walete silaha hapa. Mtendaji hana mamlaka ya kukuandikia." Kisha akatueleza namna inavyofanyika, polepole, na pale ambapo hakuelewa baba alimrudisha. Baba aandike barua ya kuomba kuuza. Alete bunduki na risasi zote zilizobaki ikaguliwe, namba yake ilinganishwe na ya kwenye leseni. Apewe kibali cha kuipeleka kwenye duka la silaha lenye leseni, la kule mjini, si kwingine. Mwenye duka aiandike kwenye kitabu chake na kumpa hati. Arudi na hati ile kituoni, arudishe leseni, ifutwe.

"Na mkwe?" baba akauliza.

"Mkwe aombe kibali chake mwenyewe, kuanzia kijijini kwake. Watamjadili. Akikubaliwa, atanunua dukani kama mtu mwingine yeyote. Inaweza kuwa hiyo hiyo ya kwako, inaweza kuwa nyingine. Lakini kutoka mkononi kwako kwenda mkononi kwake, hapana."

Alikuwa ameshika leseni ya baba na kufungua kurasa. Akafungua tena kutoka mwanzo. Kisha akainuka, akaenda chumba cha pili, akarudi na mkubwa wake, mtu wa makamo mwenye nyota begani. Mkubwa aliangalia kurasa moja moja akilowesha kidole. "Mzee," akasema, "hujaruka hata mwaka mmoja." Baba alisema hapana, hajaruka. "Hata mwaka wa njaa?" Baba alisema mwaka wa njaa aliuza yule ng'ombe mwenye pembe moja, nusu ikaenda ada na nusu ikaenda huku. Yule afisa alimpa mkono. Nami nilikuwa nimeketi pale na mikono yenye gundi kwenye kucha, nikitamani wateja wangu wote wa Igoma wangekuwepo.

Nilitaka tumpigie mkwe simu asije kesho yake. Baba alikubali nimwambie asije, tutakwenda sisi, basi. Sababu yenyewe alisema haiendi kwa simu. Kwa hiyo Jumanne tulikodi kirikuu, gari dogo la mizigo, tukampakia mtamba, na baba akakaa mbele na suti yake, siku ya pili mfululizo, kitu ambacho suti ile ilikuwa haijawahi kuona. Tulipita Igoma, tukazunguka mji, tukapita Buhongwa, na njia nzima baba alisema maneno matatu tu, na yalikuwa ya kumwambia dereva apunguze mwendo.

Mkwe alikuwa ametuandalia chakula. Alipoona mtamba wake ndani ya gari, uso wake ulikunjamana. Vijana wake walikuwepo, na majirani wawili waliokuja kuona bunduki. Baba alishuka, akaomba ashushiwe mtamba, akamshika kamba yeye mwenyewe, akamvuta mpaka katikati ya ua.

"Mkwe," akasema, "nilikupa mkono. Leo nimekuja kuurudisha, na nimekuja mbele ya watu kwa sababu niliutoa mbele ya watu. Kosa ni langu. Niliuza kitu nisichokuwa na ruhusa ya kukuuzia." Akaeleza aliyoambiwa kituoni, yote, na kwamba njia bado iko wazi kwake akitaka kuomba.

Mkwe ni mtu mkubwa, mrefu, na nilimwona mshipa wa shingo ukipanda. Nilijiandaa. Nilikuwa nimeshapanga la kumjibu akifungua mdomo, na lilikuwa baya. Lakini hakufungua. Alitugeuzia mgongo, akatembea mpaka zizini, akaingia katikati ya ng'ombe wake, akasimama huko. Tulibaki uani. Wali ulikuwa mezani, na mvuke ukaisha. Nzi wakaja. Baba alikaa wima kwenye kiti chake akisubiri kama mtu aliye kwenye foleni halali.

Muda ulipita mrefu kabla mkwe hajarudi. Alimfungua mtamba shingoni, akaikunja kamba ya baba vizuri, mara tatu, akamkabidhi. "Kamba yako, mkwe," akasema. Kisha, bila kutuangalia, "Kuleni. Chakula kinapoa." Kilikuwa kimepoa zamani. Tulikula chote.

Bunduki iliuzwa mwezi uliofuata, baada ya barua na ukaguzi na kibali. Tulikodi gari dogo sisi wenyewe kama tulivyoshauriwa, tukaenda moja kwa moja mjini, hata maji hatukusimama kununua. Mwenye duka la silaha alikuwa mzee wa rika la baba, na wale wawili walielewana upesi. Aliifungua mitutu, akachungulia kwenye mwanga, akasema, "Hii ilipata matunzo." Akaandika namba, akamsomea baba kwa sauti, baba akaitamka naye kwa kichwa kabla hajamaliza. Bei haikufika ya mtamba. Baba hakuuliza mara mbili.

Kisha akaanza kufungua mkanda. Vidole vyake vilipapasa mpaka vikakipata kifungo cha chuma, akakifungua upande mmoja, akahamia wa pili. Mwenye duka alisema, "Mzee, mkanda si huwa unakwenda na bunduki?"

"Bunduki ni yako," baba akasema. "Mkanda ni wa binti yangu."

Niliangalia nje dirishani. Uzi wangu mwekundu ulikuwa bado umekaza baada ya miaka yote ile. Sijui fundi gani mwingine wa Igoma anaweza kusema hivyo.

Siku ile ile tulirudi kituoni na hati ya duka. Aliikabidhi leseni kwa mikono miwili. "Sasa jina langu limetoka?" akauliza. Yule askari binti akagonga muhuri, akaandika, akampa nakala. "Limetoka, mzee. Na limetoka safi." Nyumbani mama alimfungulia uzi wa katani kiunoni, na yeye akaning'iniza mkanda kwenye msumari wa mwisho, kando ya kamba ya fahali mwekundu.

Lakini kwa mkwe kukawa kimya. Hakuja Krismasi. Hakutuma salamu. Wifi yangu hakulalamika, alipika na kupalilia kama kawaida, ila aliacha kuimba jikoni, na baba, ambaye macho yamekwisha lakini masikio yapo, aliliona hilo kuliko sisi sote. Alikuwa na leseni iliyofutwa safi na hakuwa na amani nayo. Mara moja nilimkuta ameshika ile kamba aliyorudishiwa, anaikunja na kuikunjua.

Mkwe alitokea baada ya mavuno ya mpunga. Aliingia na fimbo, akaamkiana na mama, akaketi sebuleni. Aliangalia ukuta kwa muda, kamba moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye mkanda. "Na hii?" akauliza. Baba akamwambia. Mkwe akatikisa kichwa polepole, akasema, "Nimeomba kibali. Kamati ya kule kwangu inakaa Alhamisi. Wamesema nije na mtu anayenifahamu, mwenye kujua mambo ya silaha. Wewe ndiye unayezijua sheria hizi, mkwe."

Suti ya kahawia ikatoka tena. Niliruhusiwa kuingia kwenye ofisi ya kata kwa sababu nilikuwa macho ya baba, nikaambiwa nikae nyuma na ninyamaze. Kamati walimhoji mkwe juu ya fisi, juu ya nyumba, juu ya mahali atakapoitunza bunduki. Kisha mwenyekiti akamgeukia baba, akamwuliza kama anamjua mtu huyu.

Baba alisimama. Hakujua mwenyekiti yuko upande gani hasa, alisimama ameelekea dirisha kidogo, na hakuna aliyemrekebisha.

"Nilikaa na bunduki zaidi ya miaka thelathini," akasema. "Kazi si kulenga. Kazi ni siku ile umekasirika. Mimi huyu bwana nilimpa mkono, nikamvunjia. Nilimrudishia ng'ombe wake uani kwake, watoto wake wanaona, majirani wanaona. Angeweza kunitukana. Angeweza kumwita binti yake arudi nyumbani. Alikwenda akasimama na ng'ombe wake mpaka hasira ikamwisha, akarudi akatuambia tule. Mtu wa hivyo mpeni. Bunduki haitamshinda."

Mkwe alikuwa ameinamisha kichwa, na nilimwona akijifuta uso kwa kiganja, mtu mkubwa vile. Mwenyekiti aliandika, akainua macho, akaniona mimi kule nyuma. "Na huyu mama, naye ana la kuongeza?"

"Huyo msimwandike kabisa," baba akasema haraka. "Huyo hata manati."

Walicheka wote, nami nilicheka, na nilikuwa nalia pia kidogo, wala sioni aibu kulisema. Tulipoinuka kutoka, nilisogea kumshika baba kama kawaida, mlango ule una kizingiti kirefu. Mkwe alinitangulia. Alimshika mkono, akamvusha kizingiti, na hakumwachia mpaka tulipofika kwenye gari.